Yak-3 ina michoro, ndege ya Kilambo ina nani?

Mtu anayeunda mfano wa ndege kwa kipimo hawezi kusema tu "kile kitu cha nyuma". Kila kipande anachokikata kinadai jina lake na urefu wake. Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi hii, ambayo wengi huiona mchezo wa watoto, inakihusu kitivo cha lugha, na hasa sisi wa Masisi na Walikale.

Chukua Yak-3, ndege ya vita ya Kisovieti iliyoingia vitani mwaka 1944. Mabawa yake yalikuwa mita 9.2 kutoka ncha hadi ncha; ukiyapunguza mara 72 unapata karibu sentimita 13. Kiwiliwili kilijengwa juu ya mabomba ya chuma, na mabawa yalifunikwa kwa mbao nyembamba. Marubani Wafaransa wa kikosi cha Normandie-Niémen waliirusha upande wa Wasovieti, wakarudi na ndege zao hadi Le Bourget mwezi Juni 1945. Anayeunda mfano wake ana michoro, picha, hata mabishano ya miaka mingi juu ya rangi ya kijivu iliyopakwa. Karibu kila kipande kina jina.

Sasa twende Walikale. Mawe ya kasiterite yalipoanza kuchimbwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, wabebaji walikata msitu na mifuko ya kilo 50 mgongoni hadi Ndjingala. Kutoka huko mzigo ulifika Kilambo, ambako kipande cha barabara ya lami kiligeuzwa kiwanja. Magari yalisimamishwa, ndege ndogo zikatua: Antonov zilizobuniwa Umoja wa Kisovieti na Let za Chekoslovakia. Zilipakia takriban tani mbili, zikaruka hadi Goma.

Historia yetu ilipanda ndege hizo. Vipimo vya Antonov 28 vinapatikana: mabawa mita 22, yaani kama sentimita 30 na nusu kwa kipimo kilekile. Lakini mifuko ilipangwaje ndani? Aliyesimamisha magari aliitwaje? Mzigo ulipozidi, wapakizi walisema nini? Majibu yamo vinywani mwa watu, na vinywa havihifadhiwi Le Bourget.

Masisi inatuonyesha kwamba ufundi unaweza kuishi bila mchoro. Fundi wa chukudu huchonga mti kwa jicho na mkono, na kumwelekeza kijana kwa maneno. Lakini vita vimewatawanya watu wa Masisi kambini na mijini. Fundi akihama bila mwanafunzi, msamiati wake unakosa wa kuurithi.

Wapo watakaosema kwamba watu waliosikia ndege za kivita juu ya vijiji vyao hawahitaji mfano wa ndege ya vita mezani. Nawaelewa. Siitamani Yak-3 kwa bunduki zake. Naionea wivu kumbukumbu yake. Wengine watasema hiyo ni kazi ya wanahistoria. Mwanahistoria atauliza tani ngapi na mwaka gani. Sisi ndio wa kuuliza ni neno gani lilitumika na lilitoka wapi: kwa nini huyu anasema ndege na yule avio, kwa nini rubani wa vitabuni ni piloti kiwanjani.

Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji wa bati huko Bisie kwa mitambo mikubwa, na waliokuwa vijana wa Kilambo wanazidi kuzeeka. Kwa hiyo napendekeza kwamba kila mwaka kitivo kitenge kazi chache za kumaliza masomo kwa ajili ya msamiati huu. Mwanafunzi aunde Antonov kwa mbao na katoni, aipeleke kwa mpakizi wa zamani, aiweke mbele yake na kuwasha kinasa sauti. Orodha ya maswali humfanya mzee ajibu kwa ufupi. Mfano humfanya anyooshe mkono na kusahihisha: hapana, mwanangu, mlango ulikuwa nyuma, chini ya mkia, hapa tuliita hivi, pale tuliita vile. Kwa saa moja ya masahihisho hayo tutavuna maneno ambayo kamusi zilizomo katika maktaba yetu hazina.