Anayemtisha Mwanao Anategemea Ukali Wako

Wazazi wenzangu, mtu aliyekusudia kumharibu mtoto kwa njia ya simu haanzi na uchafu. Huanza na salamu: "Mambo, unasoma shule gani?" Kesho yake atasifu picha, keshokutwa atauliza kama bando limeisha, na atalirusha bila kudai kitu. Kisha atataka wahamie WhatsApp, kwa kuwa pale walipokutana kuna macho mengi. Kisha itakuja siri: "Usimwambie mtu, hawatatuelewa." Picha huombwa mwisho, na mtoto akishaituma, rafiki hugeuka siku hiyohiyo. Sasa anataka nyingine, au fedha, au wakutane mahali. Na neno analomshurutishia ni hili: "Ukikataa, nampelekea baba yako."

Tulitazame neno hilo vizuri, maana linatuhusu sisi. Mhalifu ambaye angepaswa kumkimbia baba ndiye anayemtumia baba kama fimbo yake. Ameshatambua kwamba mtoto yule anakiogopa kipigo cha nyumbani kuliko anavyomwogopa yeye, na hofu hiyo ndiyo mtaji wake wote. Mtoto anayeweza kujibu, "Mpelekee, nimeshamwambia mwenyewe," amemfilisi.

Wako wanaodhani haya ni ya mabinti peke yao. Machi 2022, katika jimbo la Michigan huko Marekani, mvulana wa miaka 17 alijibu ujumbe wa akaunti ya Instagram aliyoamini ni ya msichana. Akatuma picha. Akadaiwa fedha, akatoa, akadaiwa zaidi. Tangu madai yaanze hazikupita saa sita, kijana akawa amejitoa uhai nyumbani kwao. Nyuma ya ile akaunti walikuwamo ndugu wawili wa Lagos, Nigeria, na mwaka 2024 mahakama ya Marekani ilimfunga kila mmoja wao miaka 17 na nusu. Mzazi anayengoja dalili, mpaka mtoto akonde au aporomoke darasani, huenda asipewe muda huo. Kinachohitajika ni mtoto awe anajua tangu jana kwamba mlango wa mzazi uko wazi.

Wala tusimtafute mbaya wetu ng'ambo tu. Uchunguzi wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ambao ripoti yake ya Tanzania ilitoka mwaka 2022, ulionyesha kwamba wanaowadhuru watoto mitandaoni mara nyingi ni watu ambao watoto wanawafahamu tayari. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi ile nasaha ya "usichati na usiowajua" ni njema, lakini haimkingi mtoto dhidi ya jirani, ya jamaa, wala ya yule anayemfundisha tuisheni jioni.

Najua nitajibiwa: "Mimi wangu sikumpa simu, yameisha." Hayajaisha. Atashika ya rafiki yake au ya dada wa kazi, na akipatwa na jambo atakuwa na makosa mawili ya kuficha, la picha na la simu. Wengine watasema kwamba kumwahidi mtoto usalama wa kusema ni kumdekeza. Sikubaliani nao hata kidogo. Muonye, mpangie saa za kushika simu, mkatalie mitandao ambayo hajaifikia kwa umri. Lakini siku anapokuja mwenyewe kusema isiwe siku ya kuchapwa, kwa sababu mdogo wake amesimama pale anatazama, na anachokiona ndicho kitakachomfunga mdomo miaka mitatu baadaye. Mficha uchi hazai, nasi tunawafundisha kuficha kila tunapoupokea ukweli kwa mkanda.

Liko jambo moja la kufanya jioni ya leo, tena la dakika chache. Kaa na mwanao, mfungue pamoja akaunti yake, muangalie tarehe ya kuzaliwa aliyoiandika. Wengi huongeza miaka ili waruhusiwe kuingia. TikTok, kwa mfano, huzuia ujumbe wa faragha kwa walio chini ya miaka 16, lakini mtoto wa miaka 12 aliyejiandika kuwa na 20 hupokewa kama mtu mzima, na kinga hiyo haimfikii. Kwenye WhatsApp, ingieni sehemu ya faragha mchague kwamba watakaoweza kumuingiza kwenye makundi ni wale tu wenye namba alizozihifadhi. Na sisi wenyewe tuache kutundika picha za watoto wakiwa na sare zenye jina la shule. Lile swali la "unasoma shule gani" tumeshalijibu kabla halijaulizwa.

Na likishatokea? Usilipe, anayelipwa hurudi. Usifute mazungumzo kwa hasira wala kwa aibu. Piga picha za skrini za maneno yake, namba yake na jina la akaunti, ndipo umzuie. Picha ya mtoto usiisambaze kwa ndugu wala kwenye kundi la mtaa ati mumtambue aliyefanya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za namna hiyo, nayo haimwachi mzazi nje, na mtoto ataumizwa mara ya pili kwa mkono wako. Nenda polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, uwaonyeshe ushahidi ukiwa kwenye simu yako.

Akina baba, ninyi ndio mnaotajwa katika vile vitisho. Mama anaweza kusema mara kumi kwamba nyumba hii haina siri za kuogopwa, lakini mtoto anasubiri kulisikia kwenu. Mwambieni wazi, mbele ya wenzake, kabla hakijatokea chochote. Na mwambieni pia kwamba akishindwa kabisa kuwatazama usoni, iko namba 116 ya kuwasaidia watoto, bila malipo, na mzazi naye anaweza kuipiga.