Si Kweli Kwamba Tumezoea vya Bure

Kila inapozuka hoja ya bei ya tiketi za sinema, iwe Dar es Salaam au Nairobi, majibu huwa tayari mdomoni. Sinema ni anasa. Watu wetu wamezoea vya bure. Wenye kumbi ni wanyonyaji. Na hata wakishusha bei, simu imeshamaliza kazi. Majibu haya yamerudiwa hadi hakuna anayeyahoji tena. Mimi nayapinga, kwa sababu yanawaondolea wajibu wote wenye uwezo wa kubadilisha jambo, na yanamwacha kijana wa Mbagala au Kayole akiamini kwamba skrini kubwa haikuwekwa kwa ajili yake.

Anayesema sinema siku zote ilikuwa starehe ya wenye nazo hajaisoma historia ya miji yetu. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox. Zanzibar ilikuwa na Majestic pale Vuga, na Cine Afrique. Majumba haya yalikuwa mjini hasa, watu wakiyafikia kwa miguu. Viti viliuzwa kwa madaraja: aliyekaa mbele, shingo ikimuuma, alilipa kidogo, aliyekaa balkoni alilipa zaidi, filamu ilikuwa ileile. Mwanahistoria Laura Fair, aliyekusanya kumbukumbu za watazamaji wa Tanzania katika kitabu chake cha 2018, Reel Pleasures, anaonyesha umati wa kila tabaka ukizigombea filamu za Kihindi, na akina mama wa Zanzibar wakiwa na maonyesho yao wenyewe. Anasa ilikuja baadaye, sinema ilipohamia ndani ya maduka makubwa yanayojengwa kwa ajili ya wenye magari.

Dai la simu na Netflix linachanganya tarehe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, sembuse simu ya kutazamia filamu. Lakini kumbi zilianza kudorora tangu miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika na kanda za video zilizorudufiwa zikaenea mitaani. Waliozikimbia kumbi hawakukimbia sinema. Walikwenda kwenye vibanda umiza, wakalipa kiingilio, wakabanana kwenye mabenchi ndani ya joto, wakimsikiliza msimulizi Lufufu akiwatafsiria na kuwanogeshea filamu ya Kimarekani au ya Hong Kong. Kenya kazi hiyo imempa DJ Afro jina kubwa. Mtu anayelipa ili asongamane na wenzake mbele ya televisheni si mtu aliyechoka kutazama na watu, wala si mtu aliyezoea vya bure. Ni mteja aliyepata bei anayoimudu.

Hilo la kushusha bei nalo limeshajaribiwa, tena mahali ambapo simu na intaneti zimejaa kuliko kwetu. Tarehe 3 Septemba 2022, kumbi za Marekani ziliuza tiketi kwa dola 3 kwa siku moja, na waliohudhuria wakakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 8. Mwezi huohuo, tarehe 23, India ikauza tiketi kwa rupia 75, na chama cha wenye kumbi kikatangaza watazamaji zaidi ya milioni 6. Sidai kwamba bei hizo zingeweza kudumu mwaka mzima. Nadai tu kwamba anayesema watu hawatakuja hana ushahidi.

Sasa nije kwa wanaowaita wenye kumbi wanyonyaji, maana hapa hasira ni nyingi na hesabu ni chache. Chukua tiketi ya shilingi 10,000 za Tanzania, kwa mfano tu. Kama bei hiyo imejumuisha VAT ya asilimia 18, shilingi 1,525 hivi zinakwenda serikalini. Zinabaki 8,475. Katika biashara hii msambazaji wa filamu kubwa huchukua karibu nusu ya mapato ya tiketi, na wiki za mwanzo mara nyingi hutaka zaidi ya hapo. Tukisema nusu, mwenye ukumbi anabaki na kama 4,240. Humo alipe pango la eneo lenye dari refu, mishahara, viyoyozi, umeme, jenereta umeme ukikatika, na projekta ya dijitali ambayo taa na vipuri vyake vinaagizwa ng'ambo. Gharama hizi hazipungui ukumbi ukiwa na watu kumi. Jumanne saa nane mchana, filamu huonyeshwa kwa viti vitupu, na viyoyozi vinanguruma vilevile.

Ndiyo maana bisi na soda zina bei ya kushangaza. Mapato ya vitafunio hayagawanywi na msambazaji. Watafiti Ricard Gil na Wesley Hartmann walichambua mauzo ya kampuni ya sinema ya Hispania, na katika utafiti wao wa 2009 wakahitimisha kwamba bei kubwa ya vitafunio huuwezesha ukumbi kuweka bei ya tiketi chini kuliko ambavyo ingekuwa. Kwa maneno mengine, anayenunua ndoo ya bisi anamchangia asiyenunua. Hili halinifanyi nikubali kila kitu. Mzazi aliyekuja na watoto watatu hawezi kuwaambia wasinuse harufu ile, na kumnyang'anya mtoto chupa yake ya maji mlangoni ni ukatili usiokuwa na utetezi wa kihesabu. Lakini neno unyonyaji linamkosa mlengwa.

Kuna upande wa pili, wa wanaotetea bei kwa kusema tiketi zetu ni nafuu kuliko za Ulaya na Marekani. Kwa kubadilisha fedha tu, mara nyingi ni kweli. Kwa jasho, si kweli hata kidogo. Mwaka 2019 tiketi ya wastani Marekani ilikuwa dola 9.16, na kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu dola 7.25 kwa saa. Kwa hiyo hata mfanyakazi wa chini kabisa, kabla ya makato, aliipata tiketi kwa kazi ya saa moja na robo hivi. Njoo Nairobi. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida jijini kiliwekwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi mwaka 2022. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama 585 kwa siku. Kwa kima hicho, tiketi ya shilingi 800, tuchukulie, inamla mshahara wa siku nzima na zaidi ya theluthi ya siku ya pili. Huyo bado hajamnunulia mwenzake.

Wala hajapanda gari. Hili watoa hoja wa pande zote mbili hulisahau, nami naliona ndilo kubwa. Kwa anayeishi pembezoni mwa Dar, kufika kumbi za Mlimani City ni nauli ya kwenda na kurudi, pengine kwa magari mawili, na filamu ya saa tatu usiku ikiisha daladala zimepungua. Inabaki bodaboda au teksi, ambayo huenda ikazidi tiketi yenyewe. Kupunguza shilingi elfu mbili kwenye tiketi hakumsaidii sana mtu huyu. Kinachomsaidia ni skrini karibu na kwake na filamu inayoisha mapema.

Na asiseme mtu kwamba hakuna cha kumwonyesha. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu kwa maelfu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Umati ule ulizijua filamu zake kwa diski zilizotazamwa nyumbani. Nairobi, mahakama ilipoiruhusu filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyokuwa imepigwa marufuku, kwa siku 7 tu mwaka 2018, foleni za tiketi zilijibu zenyewe.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Wenye kumbi, uzeni viti vya Jumanne mchana kwa bei ya kibanda umiza, kwani kiti kitupu hakiwaingizii kitu, na rudisheni madaraja ya viti. Hazina, ondoeni VAT kwenye tiketi za filamu zilizotengenezwa hapa. Halmashauri ya Temeke na ya Jiji la Dar es Salaam, tazameni kumbi za jamii zinazokaa tupu jioni. Wapeni vijana wenye projekta wazikodi kwa bei ndogo. Na wewe msomaji, ukisikia tena kwamba watu wetu hawapendi kulipia sinema, muulize msemaji kibanda umiza cha mtaani kwake kinaendeshwa kwa fedha za nani.