MASHINE SI HAKIMU WA LUGHA YETU

Kosa jipya limeingia Kapata, nasi hatuwezi kulinyamazia. Kijana mmoja aliandika kwa kompyuta maneno ya mama mzee wa shirika lake: «Batoto bangu beko ku masomo.» Mashine ikatia mstari mwekundu chini ya maneno yale. Kijana akacheka: «Mama, hata mashine imeona kwamba hujui Kiswahili!» Tangu siku ile mama hasemi tena mkutanoni.

Twasema wazi: kijana amekosa. Mashine haikuona kitu. Tuangalie kazi yake. Ikipewa neno «wanatupenda», hulikata vipande: wa, na, tu, penda, kisha hutafuta kila kipande katika orodha na kanuni zilizoandikwa na watu. Ikikuta «wake», hutazama maneno ya jirani, ipate kuchagua: je, ni wake wa waume, au ni watoto wake mtu?

Kwa Kiswahili, kazi hiyo ilianzwa mwaka 1985 na Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini msingi wake ni Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa tangu 1930 na kamati ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo. Nani basi angeiambia mashine kwamba «ba» yetu ni «wa» yao? Mashine za siku hizi hujifunza kwa kusoma maandishi mengi mno. Lakini Kiswahili chetu ni cha kinywa, maandishi yake ni machache. Asiyekusikia atakuhukumuje?

Hatuzipingi mashine. Mwaka 1949 Padri Roberto Busa, Mjesuiti, aliomba msaada kwa Thomas Watson wa IBM, ili maneno ya Mtakatifu Thomas wa Akwino yapangwe kwa mashine. Kazi ilidumu miaka 30 hivi, ikatoa vitabu 56. Mashine ilipanga, watu ndio waliopambanua.

Wengine watasema: «Kiswahili bora ni cha vitabu na cha sala.» Twakubali, nasi twakiandika hapa. Lakini kujifunza lugha ya vitabu si kuidharau lugha ya mama. Waluba, Walunda, Wasanga na Wachokwe walisikilizana kwa Kiswahili hiki katika kazi za Union Minière. Kwacho wametubembeleza na kutufundisha Ishara ya Msalaba. Petro naye alitambulikana kwa matamshi yake ya Kigalilaya katika ua wa kuhani mkuu. Je, siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu alimnyima ulimi?

Tena, kobalti ya betri nyingi za telefoni na kompyuta hutoka katika udongo huu wa Kolwezi. Udongo wetu wafaa, maneno yetu hayafai?

Basi, vijana mliosoma, acheni kucheka. Kaeni na wazee, ombeni ruhusa, andikeni hadithi na mithali zao kama wanavyozisema. Kisha ifundisheni mashine, ijue. Nawe kijana, nenda kwa mama yule, ukamwombe radhi, ili katika mkutano ujao tusikie tena sauti yake.