Kitara Hakikushinda Vita vya Marekani

Sinema zimetuharibia historia ya askari wa farasi. Tumezoeshwa kuviona Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865 kati ya Kaskazini na Kusini, kama mashindano ya mbio: tarumbeta inalia, vitara vinachomolewa, farasi wanatimka na adui anafyekwa kama majani. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba mpanda farasi alikuwa mtu wa upanga na sare ya kupendeza. Imani hiyo naikataa, na anayeishikilia naomba atazame kilichofungwa kwenye tandiko.

Tuanze na kitara chenyewe. Kile cha muundo wa 1840 kilikuwa kizito hata askari wakakibandika jina la kuvunja mkono. Chepesi cha 1860 kilipokuja, wengi bado walikiona mzigo. John Mosby, kamanda wa wapiganaji wa kuvizia wa Kusini, alikidharau kabisa na kutegemea bastola. Kumbukumbu za madaktari wa jeshi la Kaskazini zinasema wazi: kati ya majeraha kama 250,000 yaliyotibiwa, ya vitara na singe kwa pamoja hayakufika 1,000. Najua nitajibiwa kwamba waliokatwa upanga walifia uwanjani. Basi mzidishe hesabu hiyo mara kumi. Bado risasi iko mbali mno. Ni kweli, katika mapigano ya Brandy Station, tarehe 9 Juni 1863, vitara viligongana. Siku moja kama hiyo haiwezi kufanywa sura ya miaka minne.

Askari wa kawaida wa Kaskazini alivaa koti fupi la buluu lenye vifungo 12 vya shaba na utepe wa njano. Hapo ndipo kamera inapoishia. Haishuki kwenye suruali, iliyoshonewa kitambaa cha pili makalioni na ndani ya mapaja kwa sababu safari ndefu zilikula nguo, kisha zikala ngozi. Tandiko la McClellan, ambalo jeshi lililikubali 1859, lilikuwa mbao zilizovikwa ngozi mbichi. Ngozi hiyo ikipasuka, mpandaji alichubuka. Pembeni vilining'inia kamba na kigingi cha kumfungia farasi malishoni, mfuko wa kumlishia, kitana cha chuma, brashi, viatu vya chuma vya akiba na misumari yake. Vifaa vya kumtunza mnyama vilikuwa vingi kuliko vya kuua mtu, na ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Posho rasmi ya farasi mmoja kwa siku ilikuwa kama kilo 6 za nyasi kavu na zaidi ya kilo 5 za nafaka. Kikosi chenye farasi 1,000 kilihitaji zaidi ya tani 11 kila kukicha. Magari ya chakula yakichelewa, wanyama walikonda, migongo ikatoka vidonda, kwato zikaoza. Inakadiriwa kwamba farasi na nyumbu zaidi ya milioni moja walikufa katika vita vile, na sinema hazina hata dakika moja kwa ajili yao.

Kusini hali ilikuwa ngumu zaidi. Askari alikuja na farasi wake mwenyewe, serikali ikamlipa senti 40 kwa siku. Farasi akiuawa vitani, mwenyewe alifidiwa. Akifa kwa maradhi au uchovu, hasara ilikuwa ya askari: atafute mwingine, au ahamie kwa askari wa miguu. Wengi walirudi makwao kusaka farasi huku vikosi vyao vikipungua.

Hata mapigano yenyewe hayakufanana na filamu. Gettysburg, tarehe 1 Julai 1863, watu wa John Buford, jenerali wa Kaskazini, walishuka chini wakapigana kwa bunduki fupi, nyingi za kupiga risasi moja moja. Katika kila wanne, mmoja alibaki nyuma kushika hatamu.

Wapo pia waliopelekwa vitani bila farasi. Kikosi cha 5 cha wapanda farasi wa Massachusetts, cha askari weusi, kilipelekwa Virginia mwaka 1864 kikiwa na bunduki za askari wa miguu. Juni mwaka huo walishambulia kwa miguu Baylor's Farm, karibu na Petersburg. Tarehe 3 Aprili 1865 waliingia Richmond, mji mkuu wa Kusini, safari hii wakiwa juu ya farasi. Mtengenezaji filamu anayetaka wapanda farasi wa vita vile aanze na hao.