Tusizipake Mafuta Ngozi za Kale

Katika nyumba nyingi za pwani yetu bado zimo mali za ngozi tulizoachiwa na wazee: majalada ya misahafu, ala za majambia, mikanda, makubadhi. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kazi hizo na kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono. Leo nyingi zinaharibika mikononi mwa watu wanaozipenda, kwa sababu ya kichupa cha mafuta.

Mtu huliona jalada la babu yake limekauka na kupasuka, akalihurumia, akalipaka mafuta ya nazi mpaka ling'ae. Furaha hiyo haidumu. Mafuta huchacha, ngozi ikageuka nyeusi na kunata, vumbi likagandamana nayo, mende wakaitafuna, na madoa yakapenya hadi kwenye maandishi. Hapo hata fundi wa makumbusho hawezi kuyatoa yote.

Ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti ina maradhi yake ya uzee. Tindikali huila ndani kwa ndani, na ukiigusa unabaki na unga mwekundu vidoleni. Unga huo ndio ngozi yenyewe inayomomonyoka, na hakuna dawa ya kuurudisha. Ukiifuta kwa kitambaa kibichi ndiyo umeimaliza: hujikunyata, ikawa nyeusi na ngumu.

Kinachoiokoa ngozi ni hewa kavu. Mwaka 2008 katika pango la Areni, nchini Armenia, kilifukuliwa kiatu cha ngozi chenye umri wa miaka ipatayo 5,500, kamba zake zingali matunduni. Pango lilikuwa kavu na baridi, na samadi ya kondoo ilikuwa imekifunika. Lakini Howard Carter alipolifungua kaburi la Tutankhamun huko Misri, mwaka 1922, alikuta ngozi za magari ya farasi ya mfalme zimekuwa ute mweusi, kwa ajili ya unyevu. Na kaburi lile ni changa kuliko kiatu kwa miaka elfu mbili hivi!

Sisi wa pwani tuna kazi, maana unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kuvu huota, na kwetu hufika hapo mara nyingi. Basi kitu cha ngozi kisiegemee ukuta wala kuwekwa sakafuni. Kifungwe kwa marekani iliyofuliwa, kitiwe katika kasha, kisifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki wala kuanikwa juani. Kila mwezi kikaguliwe, vumbi lipanguswe kwa brashi laini. Msahafu wa kale usikunjuliwe ukalala wazi mezani. Uwekwe juu ya marufaa, kama walivyofanya wazee, ili mgongo wa jalada usivunjike.

Nanyi wakuu wa makumbusho, msingoje watu wawaletee vitu vilivyokwisha kuoza. Tumeni mafundi wenu mitaani na misikitini wakawafundishe wenye mali hizi, kabla ya masika yajayo.