Kahawa ya Usiku na Kichwa cha Ramadhani

Kila mwaka mwezi wa Ramadhani unapoandama, jambo moja hujirudia Kengeja kama linavyojirudia kote kisiwani Pemba. Siku ya kwanza na ya pili, ifikapo alasiri, watu wazima wenye siha njema hushika vichwa. Mvuvi aliyezoea jua la bahari hulala ubavu chini ya mwembe. Karani hawezi kuimaliza barua aliyoletewa. Mwalimu humkemea mtoto kwa kosa ambalo wiki iliyopita angelichekea. Wakiulizwa, wote hutoa jawabu moja: ni saumu. Sisi tunaona kuwa saumu inasingiziwa. Kwa wengi wao, maumivu hayo yanatoka katika dele la kahawa.

Hatusemi haya kwa kuidharau kahawa, wala kulidharau baraza. Barazani ndipo zinapopatikana habari za msiba na harusi, bei ya karafuu, hali ya bahari na rai juu ya mambo ya nchi. Kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata ndivyo vinavyowakalisha mzee na kijana mahali pamoja. Tena kahawa ina nasaba yenye heshima. Katika karne ya 15 watu wa tarika kule Yemen waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na ilipopigwa marufuku Makka mwaka 1511, marufuku hiyo haikudumu. Lakini sifa ile ile iliyowapendeza wacha Mungu wa Yemen, yaani kuufukuza usingizi, ndiyo inayotulazimisha leo tuseme.

Ndani ya kahawa mna kitu kiitwacho kafeini, ambacho mwanakemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alikitenga mwaka 1819. Kimo pia katika chai, katika baadhi ya soda, na katika vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wetu wamevipenda. Mtu anaposhinda macho mchana kutwa, ubongo wake hukusanya kitu kingine kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyozidi ndivyo usingizi unavyomjia. Kafeini hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, ikaizuia isifanye kazi yake. Kwa hiyo mnywaji hujiona mchangamfu, kumbe uchovu wake uko pale pale. Umezuiwa tu usisikike.

Na tuutazame basi usiku wa Ramadhani ulivyo. Watu hufuturu magharibi, husali tarawehe, kisha huketi barazani, na kahawa ikazunguka hadi usiku mkubwa. Kwa kawaida mwili wa mtu mzima huhitaji saa tano hivi kuipunguza kwa nusu kafeini iliyoingia. Aliyekunywa vikombe vyake saa nne za usiku, anapoamshwa saa tisa kula daku, nusu ya kafeini hiyo bado imo mwilini mwake. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walionesha kwamba miligramu 400 za kafeini zilizotumiwa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Na kahawa si zote sawa: buni ya robusta, ilimwayo kwa wingi Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya arabika ya Kilimanjaro. Saa moja ya usingizi ikipotea kila usiku, kwa mwezi mzima, mtu amepoteza zaidi ya siku nzima ya mapumziko.

Upande wa pili ni kuachishwa. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mwili uliozoea kahawa ya asubuhi, ya adhuhuri na ya jioni, ukiikosa ghafla hulalamika. Mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa ikiibana, hutanuka, na kichwa kikauma. Maumivu hayo huanza baina ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia ukali wake siku ya kwanza au ya pili, na huweza kuendelea hata siku tisa. Huandamana na uchovu, hasira za haraka na akili kutotulia. Msomaji aulinganishe mwendo huo na wiki ya kwanza ya Ramadhani. Ndiyo maana kikombe cha kwanza baada ya futari huyaondoa maumivu upesi hata mtu akadhani ni chakula kilichomponya. Baadhi ya vidonge vya maumivu ya kichwa vina kafeini ndani yake, na navyo humrudisha mtu pale pale alipotoka.

Ipo pia habari ya ndoto, ambayo visiwani petu si jambo dogo. Tangu mwaka 1953, kwa kazi iliyofanywa Chicago, inajulikana kwamba ipo sehemu ya usingizi ambamo macho hutembea upesi chini ya kope, na humo ndimo ndoto zilizo wazi huotwa. Sehemu hiyo huwa kubwa zaidi kuelekea alfajiri. Anayechelewa kulala kwa kahawa, akaamshwa kwa daku, kisha akajilaza tena, huzama humo kwa haraka huku akili yake ikiwa karibu na kuwa macho. Ndoto zake huwa kali, na pengine hujua, angali usingizini, kwamba anaota. Keith Hearne alizirekodi ishara za macho za mwotaji wa namna hiyo mjini Hull, Uingereza, mwaka 1975. Wataalamu wanaotaka kuzichunguza ndoto hizo humwamsha mtu usiku wa manane, wakamweka macho kitambo, kisha wakamwacha alale tena. Sisi daku hutufanyia hayo bila ya kukusudia.

Wakati mwingine akili huamka nayo viungo vikabaki vimelegea, mtu asiweze kuinua mkono wala kupiga kelele. Hilo ndilo jinamizi, na usingizi haba na uliokatikakatika hulizidisha. Wapemba wanaukumbuka mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipoanza kisiwani humu ikaenea hadi Unguja, watu wakawa wanakesha nje kwa makundi kwa kuogopa kulala vyumbani. Hatudai kwamba kahawa ndiyo iliyoleta hofu ile. Tunasema tu kwamba jamii iliyonyimwa usingizi huongezewa vitisho vya usiku, na kukesha zaidi si dawa yake. Wala hatukanushi kuwa ipo ndoto njema. Lakini kabla mtu hajakimbilia kwa mganga, na ahesabu kwanza vikombe alivyokunywa.

Ushauri wetu ni mwepesi. Kwanza, kahawa ianze kupunguzwa katika mwezi wa Shaabani, kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, ili mwezi wa Ramadhani ukiandama mwili uwe umekwisha kuzoea. Pili, katika Ramadhani kahawa inywewe wakati wa futari, si baada ya tarawehe. Baraza libaki na mazungumzo yabaki, ila delini mtiwe mchaichai au maji ya tangawizi. Muuza kahawa asipoteze riziki yake; wateja wake wanunue kwake hicho kingine kwa bei ile ile.

Kwa wakuu wa Serikali tuna maombi. Watumishi wa afya wa Wilaya ya Mkoani waifunze habari hii kwa umma kabla ya Ramadhani, si baada yake. Wajawazito wapewe nasaha zao mbali, kwani katika miezi ya mwisho ya mimba kafeini huweza kuchukua hata saa 15 kupungua nusu. Na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliwashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze. Maabara ya Afya ya Jamii iliyopo Wawi ingefanya jambo la maana ikikipima kikombe cha barazani, ili mwananchi aambiwe kwa hesabu kile anachokunywa. Na walimu wa skuli wawaeleze wanafunzi kwamba mkebe wa kinywaji cha nguvu usiku wa kuamkia mtihani hauongezi akili.

Haya si mambo ya anasa. Mvuvi anayesinzia usukani, dereva anayesinzia njiani kwenda Chake Chake, muuguzi anayesinzia zamu ya usiku, hawa wanabeba roho za wenzao. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Mwezi utakapoandama tena, Kengeja ifunge saumu yake bila ya kulipa na deni la kahawa.