Maneno ya Wazee Yaandikwe Pamoja na Dakika Zake

 

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu waheshimiwa, nyumba nyingi za Tabora zina kanda za darsa na mawaidha ya zamani, na siku hizi simu zetu zimejaa sauti za mababu wakisimulia. Tunasema sauti hizo ziandikwe, tena ziandikwe kwa utaratibu.

Mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika hapa mwaka 1857, wakaandika waliyoyaona. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Unyanyembe, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa mabegani, ni wangapi walioacha kitabu? Habari zao zimo vifuani mwa wajukuu na vitukuu, na hao nao wanaondoka mmoja mmoja.

Tatizo ni namna ya kuandika. Kijana husikiliza mara moja, kisha huandika anachokikumbuka, na kupamba. Tuseme mzee amesema babu yake alilala Kwihara. Kijana anaandika "alifika Tabora". Nani atamsahihisha, na kwa ushahidi gani? Wanachuoni wa hadithi hawakupokea maneno bila sanadi. Basi kwa maneno ya kwenye kanda, dakika na sekunde ndizo sanadi yake. Ukiandika [12:40] kabla ya maneno, kila mwenye shaka atarudi pale pale asikie kwa masikio yake.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Programu ya VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris mwaka 1996, hupatikana bure. Kwenye kompyuta ya Windows fungua "Tools", kisha "Preferences", kisha "Hotkeys". Katika safu ya "Global" chagua kitufe kimoja cha kusimamisha na kuendeleza sauti, tuseme F9, na kingine cha kurudi nyuma sekunde chache, tuseme F8. Hifadhi, ufunge programu na kuifungua upya. Hapo utachapa kwenye ukurasa wako huku ukiiamuru sauti bila kuhama. Mzee akisema haraka, rudi kwenye VLC ubonyeze [ ili kupunguza kasi, na = kuirudisha ya kawaida. Muda huonekana chini ya dirisha. Uandike kila anapobadilika msemaji na kila jambo jipya linapoanza. Neno lisilosikika usilibuni. Andika [halisikiki 07:15].

Aya za Qur'an zisiandikwe kwa kusikia. Andika jina la sura na namba ya aya, kisha nakili kutoka kwenye msahafu.

Watasema wengine: zipo programu zinazoandika zenyewe, tujichoshe kwa nini? Zitumike, hatukatai. Lakini mazungumzo yenye Kinyamwezi, Kiarabu na Kiswahili cha Unyanyembe ndani ya sentensi moja huzitatiza, na lazima mtu asikilize tena. Ni kweli kazi ni ndefu: saa moja ya sauti humchukua anayeanza saa nne na zaidi. Wagawane wanafunzi wanne, kila mmoja robo saa.

Wazazi, mnayo sehemu yenu. Toeni kanda makabatini kabla hazijaharibika kwa joto na vumbi. Nanyi wanafunzi, ombeni idhini ya mzee kabla ya kurekodi, na baada ya kuandika msomeeni. Akisema jambo fulani lisitoke nje, lisitoke; hiyo ni amana.

Tunamuomba Allah atupe subira na ukweli katika kuandika, na awarehemu waliotutangulia. Wabillahi tawfiq.